Picha za Chumba cha Ndani

Simu ilitetema juu ya kifuniko cha bati la biskuti, drrr, drrr, kama mende aliyenaswa, na adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Mwanapili aliamka akidhani kuna msiba. Simu ya saa zile, kwa umri wake, huwa haina habari nyingine. Alipapasa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili, akasoma polepole huku midomo ikimchezacheza.

"Kuna mtu ameingia katika akaunti yako kwa kompyuta mpya. Je, ni wewe?"

Akasoma tena. Chini ya maneno yale palikuwa na vijisanduku viwili. Ndiyo, ni mimi. Hapana, si mimi. Alinyoosha kidole, akakirudisha. Mara ngapi amesikia kwamba ujumbe wa namna hiyo wenyewe ndio mtego? Aliiweka simu kifudifudi kitandani, akaenda kutawadha, na maji yalimpita mikononi bila yeye kusikia baridi yake.

Maana Mwanapili alijua kilichokuwa ndani ya akaunti ile.

Alikuwa mpambaji wa maharusi hapo Msambweni, mwaka wa thelathini na moja sasa. Siku ya kumpamba biharusi, wanawake huingia chumba cha ndani, mlango ukafungwa, na kila mwenye simu akaitia kikapuni mlangoni, hata mama mzazi. Inabaki simu moja tu, ya Mwanapili. Yeye ndiye humpiga picha biharusi akiwa wazi, nywele zimeachiliwa, hina imepanda mikononi mpaka mabegani, apate kumbukumbu yake mwenyewe, isionwe na mwanamume asiye wake. Hawakuiamini simu, wanawake wale. Walimwamini yeye.

Miaka miwili nyuma simu yake ilitumbukia katika beseni la maji ya mawaridi, na picha zote zikafa nayo. Alilia kama aliyefiwa. Ndipo Gedion, mwenye saiba ndogo, duka la kompyuta na intaneti, pale Kombani, alipomfungulia hifadhi ya mtandaoni. "Hata simu ikizama, mama, picha zinabaki huko juu, kwenye wingu," alimwambia. Gedion alikuwa mtu mzima mwenye subira. Alimpisha kiti kilicho karibu na feni. Alimchagulia neno la siri jepesi, jina lake na mwaka wake wa kuzaliwa, na kwa kuwa wateja wake wengi wazee husahau, aliliandika katika daftari lililofungwa kwa kamba pale kaunta, pamoja na namba ya simu ya Mwanapili. "Ukisahau, nipigie tu." Mwanapili aliuona huo ni wema, akampelekea sahani ya visheti.

Picha za mwisho kuingia humo zilikuwa za Husna, aliyeolewa Majoreni siku nne zilizopita. Nywele za Husna zilimfika kiunoni. Baba mkwe wake, mzee Swabir, alikuwa amekataza mpiga picha hata kwenye karamu ya wanaume. Mama yake Husna alikubali picha za ndani kwa sharti moja: "Kwa kuwa ni wewe, Mwanapili. Angekuwa mwingine, hapana."

Hilo ndilo alilolifikiria aliposalimia kulia na kushoto akamaliza sala.

Monicah alirejea saa kumi na mbili na nusu. Alikuwa mpangaji wake wa chumba cha mbele, mtu wa bara, anafanya zamu ya usiku mapokezi katika hoteli moja ya Diani. Macho yalikuwa mekundu kwa usingizi, lakini alivua viatu mlangoni kama kawaida yake, akainama kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usilale. Nakuomba usilale kwanza."

Monicah alimtazama, akaketi palepale mkekani na sare yake. Hakuuliza kama linaweza kungoja.

"Hujabonyeza kitu?" akauliza baada ya kusoma.

"Sikubonyeza. Niliogopa."

"Leo uoga umekusaidia. Ujumbe kama huu hata ukiwa wa kweli, hupitii mlango wake. Unaenda mwenyewe kwa akaunti, kwa njia yako." Akamwonyesha pa kuingilia. "Sasa weka paswadi yako."

"Ni Mwanapili, halafu mwaka wa…"

"Ai, bibi! Usiniambie!"

"Nisipokuambia utanisaidia vipi?"

"Andika mwenyewe. Mimi naangalia ukuta." Na kweli akageuka, akaukabili ukuta na kalenda yake, mikono magotini, kama wasaidizi wa Mwanapili wanavyogeuka biharusi anapobadili nguo. Mwanapili aliuona mgongo ule uliochoka, na katika hofu yake yote ukampa pumzi kidogo.

Walipoingia, waliona orodha ya vyombo vilivyofungua akaunti. Simu yake. Kompyuta ya Kombani, iliyoachwa wazi tangu Machi. Na cha tatu, kompyuta isiyo na jina wanalolijua, iliyoingia saa kumi na dakika arubaini alfajiri ile.

"Ametazama nini?" Mwanapili aliuliza.

"Hapaandikwi, bibi. Tunajua tu ameingia."

Mwanapili alimpigia Gedion. Aliuliza habari za nyumbani, akaitikia za kwake, ndipo akauliza habari za daftari. Upande wa pili ilisikika feni ikizunguka.

"Mama," Gedion akasema, "lile daftari silioni tangu juzi. Kamba imekatwa. Nilidhani ni watoto. Mama yangu, nisamehe, mimi nilikuwa naona nawasaidia."

"Najua, Gedion. Wapigie na wenzangu waliomo."

"Nitawakumbuka vipi wote? Majina yalikuwa humo humo."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. Mwanapili hakupata ukali wa kumpa.

Kwa saa nzima Monicah alikaa naye. Walivifukuza vyombo vyote nje ya akaunti. Neno jipya la siri likawa refu, maneno manne yasiyojuana, Mwanapili akiyachagua mwenyewe kichwani. "Yasiwe jina la mtu, wala tarehe, na usiyatumie mahali pengine popote," Monicah alisema, uso bado ukutani. "Ukiona utasahau, andika kwenye karatasi, uifungie sandukuni mwako. Sanduku lako si kaunta." Kisha akamwekea mlango wa pili: mgeni akijaribu kuingia, hata akijua neno, au akidai amelisahau, simu ya Mwanapili itapokea namba sita, na bila zile namba hapiti.

"Na hizo namba, bibi, humpi mtu. Hata mimi."

"Hata wewe?"

"Mimi hasa! Nikiwa na njaa ya usingizi hivi, nani anajua nitafanya nini?" Akacheka, akapiga mwayo, akaenda kulala.

Mwanapili alibaki barazani na chai iliyopoa. Alijiambia yamekwisha. Labda mwizi alitafuta mambo ya benki, akakuta maharusi, akaenda zake. Labda hakufungua hata moja. Basi, kwa nini kumvuruga mtoto aliye ndani ya fungate lake, siku saba ambazo biharusi hatakiwi kusikia hata sufuria ikianguka? Anyamaze tu. Nani atajua?

Saa tatu na robo simu ikaleta ujumbe: namba sita. Hakuwa ameziomba. Kabla hajamaliza kuzitazama, ikapigwa.

"Shikamoo, mama." Sauti ya mwanamume, laini, ya pwani hii hii, yenye kuvuta maneno kwa heshima.

"Marahaba, baba."

"Hujambo? Nyumbani salama? Watoto hawajambo? Alhamdulillahi. Mama, mimi ni wa kitengo cha usalama wa akaunti. Tumeona mtu amekuingilia alfajiri. Pole sana. Tunataka kumfungia nje sasa hivi. Umepata namba sita?"

"Nimezipata."

"Mashallah. Nisomee pole pole, wala usiwe na haraka."

Na hapa ndipo Mwanapili alipoteleza. Maana tangu utoto alifunzwa kwamba aliyekusalimu vizuri humjibu vibaya, na kijana huyu alikuwa amesalimu mpaka watoto. Maneno ya Monicah yalikuwa palepale, lakini kumkatia simu mtu aliyekuombea salama kulikuwa kama kumfungia mlango mgeni usoni.

"Nne," akasoma. "Saba…"

"Ahsante, mama. Endelea. Tunakuonea huruma, na zile picha za maharusi zilizomo. Hasa yule mwenye nywele ndefu, zikitoka zile…"

Mwanapili aliacha kusoma.

Hapana mtu mwema angezijua nywele zile. Kuzijua ni lazima uwe umetazama.

"Mama? Endelea. Baada ya saba."

Alikuwa akimwona, pasina kumwona, mtu ameketi mahali, kompyuta mbele yake, na Husna juu ya kioo, kichwa wazi, akicheka.

"Nyinyi si watu," akasema kwa sauti ndogo iliyomtoka bila yeye kuipanga. "Hamna mama zenu?"

Upande wa pili heshima ikaanguka mara moja. "Nisomee, wewe kikongwe, ama kesho zitakuwa kwenye kila simu ya Kwale."

Akakata. Akaizima kabisa. Akagundua amesimama katikati ya ua bila viatu, na kanga imemwanguka mabegani.

Sasa hapakuwa na labda.

Alimwamsha Monicah tena, na Monicah akaamka tena. Wakahakikisha hakuna aliyeingia. Namba mbili kati ya sita hazikumfungulia mwizi mlango. Lakini alichokiona alfajiri alishakiona, na kama alichukua nakala, hakuna neno la siri la kuzirudisha.

"Twende polisi," Monicah alisema. "Hiyo simu aliyokupigia, ujumbe, saa, vyote tunavyo. Tusifute."

"Tutakwenda. Kwanza Majoreni. Husna asije akasikia kwa mwingine."

"Bibi, utawaambia nini?"

"Sijui," alisema Mwanapili, na lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyosema siku ile.

Ilikuwa baada ya adhuhuri alipobisha hodi. Mama mkwe wa Husna, Bi Kanze, alifungua mlango nusu, maana nyumba ya fungate haifunguliwi wazi. Alimwona mpambaji mikono mitupu, hana udi, hana asumini, akajua si ziara ya heri.

"Nani kafa?"

"Hapana aliyekufa, Bi Kanze. Nipitishe kwa Husna, na wewe uwepo. Mzee Swabir tafadhali asiwepo."

"Yuko msikitini. Pita."

Husna alikuwa kitandani, hina bado nyekundu mpaka kucha. Alipomwona Mwanapili, somo yake, aliyemfunda na kumpamba, uso ulimng'aa. Mwanapili aliuona ule mng'ao na akatamani ardhi immeze. Hakuketi. Alisema akiwa amesimama, yote, tangu daftari la Kombani mpaka yule mtu na salamu zake, na zile namba mbili alizomsomea hakuzificha.

"Ile ya nywele?" Husna aliuliza.

"Ile ya nywele, mwanangu."

Husna aliziba uso kwa mikono. Hakulia kwa sauti. Bi Kanze alikwenda akasimama dirishani. Mwanapili alihesabu pumzi zake mwenyewe, akingoja kufukuzwa, akijua kwamba akitoka hapa na neno baya, hakuna mlango wa harusi utakaomfungukia tena toka Vanga mpaka Tiwi, na kwamba hilo hata si baya zaidi.

"Umemwambia nani kabla yetu?" Bi Kanze akauliza.

"Mpangaji wangu, aliyenisaidia. Na yeye hakuziona. Aligeukia ukuta."

"Ungeweza kunyamaza."

"Nilitaka kunyamaza."

Bi Kanze akashusha pumzi. "Basi sikiliza. Swabir nitamwambia mimi, leo, kwa namna yangu. Akili yake nimeishi nayo miaka arubaini. Mtu akituletea picha hizo, ametuletea wizi, na mwizi ndiye atakayeulizwa alifika vipi chumbani kwa mke wa mtu. Mwanangu, mume wake huyu, hatasikia kwa vijana wa maskani, atasikia kwa mama yake. Nitatetemeka nikisema, lakini nitasema." Akavuta kiti, akamsukumia Mwanapili. "Keti. Umetoka mbali na jua lote hili. Umekula?"

Mwanapili akaketi. Wali uliletwa, na maji ya kunawa yakamiminwa juu ya mikono yake na Bi Kanze mwenyewe.

Husna alifunua uso. "Somo, mimi hata sijaziona bado."

Wakakaa watatu, mlango umekomewa, wakazitazama. Husna alipofika kwenye ile ya nywele, alisimamisha kidole. "Nilikuwa mzuri," akasema, kama anayezungumzia mtu aliyesafiri.

"Nikuachie uamuzi. Ukitaka nifute, nafuta. Na pipa la taka la humo ndani nalimwaga pia, maana Monicah kaniambia zikifutwa hukaa humo siku nyingi."

Husna alifuta mwenyewe, kwa kidole chekundu. Aliiacha moja, ya mikono yake tu.

Jua lilikuwa limeinama Mwanapili alipojitanda kuondoka. Alikuwa na maharusi wengine wengi wa kuwaambia, nyumba kwa nyumba, na polisi, na Gedion wa kufuatana naye. Hofu ilikuwa haijamtoka, ilikuwa imempisha tu aweze kutembea. Husna, asiyetakiwa kufika mlangoni siku zile, alimfuata mpaka penye pazia la ukumbi, akamshika ncha ya buibui.

"Fungate linakwisha Jumamosi," alisema kwa kunong'ona. "Uje tena, somo. Usije kunipamba wala kunieleza jambo. Uje tu tukae. Utakuja?"