Bingwa Asiyekanda

Kampuni yetu ya mikate ina matanuri sita, na mimi ndiye mwenye ile programu ya kupima ufanisi. Unailisha: unga, umeme, wafanyakazi. Unaiambia mikate mingapi imetoka. Yenyewe inachora mstari. Tanuri linalotoa mikate mingi kwa vitu vichache linakaa juu ya mstari, linapata moja kamili. Mengine yananing'inia chini yake kama nguo zilizoanikwa.

Mwezi huu mkurugenzi aliagiza kwamba tanuri lisilofika nusu ya mstari lifungwe.

Juu kabisa alikaa baba mdogo, msimamizi wa tanuri mojawapo. Chini ya nusu, peke yake, sifuri nukta nne, alikaa shangazi, msimamizi wa jingine, dada yake mkubwa, aliyenilea. Kompyuta haina undugu.

Nikampigia.

"Shangazi, unga wote huo mnaupeleka wapi? Mnaula mbichi?"

"Nikija hapo nitakukanda wewe."

Nyuma yake mashine ya kukandia ilikuwa inanguruma. Mtu akapaza sauti: "Mama, madonge ya kule tupakie?"

"Kule wapi, shangazi?"

"Kwa baba yako mdogo. Mashine yake imekufa tangu mvua zianze. Anaogopa kusema, watamwambia ameiua yeye. Basi mimi nakanda, yeye anachoma."

Yaani unga, umeme na jasho viliandikwa kwa shangazi. Mikate ikaandikwa kwa mdogo wake. Kampuni nzima ilikuwa inapimwa kwa bingwa asiyekanda.

"Nikiyaandika haya, yeye ataulizwa," nikasema. "Nisipoandika, unafungwa wewe."

"Basi nifunge mimi. Nimeshazoea kumbeba."

"Huyo ana kitambi, shangazi. Mshushe."

Akakata simu.

Nikafuta safu zao mbili, nikaandika moja: karakana moja, mapaa mawili. Nikabonyeza. Mstari ukashuka. Matanuri manne yaliyokuwa yakisemwa vibaya yakapanda bila kujua yamefanya nini, na familia yangu ikatua katikati, sifuri nukta nane. Chini ya nusu hakubaki mtu.

Mkurugenzi akasoma maelezo niliyoambatanisha mara mbili.

"Mashine imekufa, na mimi sijui?"

"Ndiyo, mzee. Ila moja inalisha matanuri mawili, na bado hawako nyuma. Nyingine ya nini?"

Hasira yake ikapigana na furaha ya kutonunua mashine. Furaha ikashinda kwa taabu. "Karakana moja, msimamizi mmoja," akasema. "Huyo anayekanda."

Jioni baba mdogo akapiga.

"Mwanangu, asubuhi nilikuwa bingwa. Sasa hivi ni kibarua wa dada yangu."

"Pole, baba mdogo. Amesemaje?"

"Ameniambia kesho nitangulie mimi kufika, nijifunze kukanda." Akashusha pumzi. "Kwa mikono. Anasema mashine anaipumzisha."