Mshale wa Hapana

Kiwanda cha kujaza gesi kilikuwa kinajiandaa kununua mfumo wa kompyuta, na mwenye kiwanda akataka kwanza wafanyakazi wajifunze kuchora kazi zao: nani anaanza, nani anapokea, kila hatua inahitaji nini. Mapovu akapewa ukaguzi wa mitungi. Jina hilo wenzake walimpachika kwa sababu kutwa alikuwa akipaka valvu maji ya sabuni kuona kama zinavuja.

Somo alilishika barabara. Kisanduku ni kazi, mshale ni kule kazi inakoelekea, kila mtu ana safu yake. Kilichomnyima usingizi ni kishada. Ndivyo darasa lilivyolibatiza umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha, mahali pa swali. Mkufunzi hakuwa na mchezo nalo: kila kishada kina mshale wa ndiyo na mshale wa hapana, na kazi ichorwe ilivyo, si inavyotakiwa iwe.

Sasa ilivyo ndiyo hiyo iliyomtatiza. Mtungi ukitoa mapovu, alimwita meneja wa ghala. Meneja aliinama, akachungulia, akasema mapovu madogo hayana neno, pakieni. Karakana ya valvu, ilikopaswa kupelekwa mitungi inayovuja, ilishafungwa zamani. Na meneja huyo hakuwa mtu baki. Alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, aliyemtafutia kazi na kumpa chumba nyumbani kwake. Asubuhi ya siku ya kuchora ubaoni dada alimwomba kwa upole asimwangushe shemeji yake.

Alisimama ubaoni kalamu ikimteleza kwa jasho. Mwenye kiwanda alikaa mbele, shemeji kando yake, amekunja nne. Mapovu akachora kishada, akaandika ndani: mtungi ni mzima? Mshale wa ndiyo ukaenda kwenye gari bila shida. Mshale wa hapana aliuvuta kidogo, akakwama.

Mkufunzi akauliza unakwenda wapi. Mapovu alikuwa ameshaamua kuandika karakana, liwalo na liwe, shemeji akacheka kidogo.

"Hapo mwulizeni yeye. Mkaguzi ni yeye. Mimi napakia anachonipa."

Iliuma. Wiki nzima alikuwa akimhofia mtu huyu, kumbe mwenzake alishamtoa kafara bila hata kupepesa jicho. Jiko la mtu likilipuka, atakayeulizwa ni Mapovu. Hofu haikumtoka, lakini aliuvuta mshale wa hapana ukapinda, ukavuka mstari, ukaingia safu ya meneja wa ghala. Akachora kisanduku: anachungulia mapovu. Kutoka pale akavuta mshale mwingine mpaka kwenye gari, lile lile la ndiyo.

Mapovu alijua usiku ule hatalala nyumbani kwa shemeji.

Mwenye kiwanda aliutazama mchoro, kisha akamgeukia shemeji. "Gari la asubuhi limeshatoka?"

Shemeji alikunjua miguu.

"Limetoka," Mapovu akasema. "Lina mitungi inayovuja. Nilimwonyesha."

Mwenye kiwanda akatoa simu akampigia dereva, akaiweka mezani spika ikiwa wazi ili wote wasikie. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, nayo ikawa inaita tu.