Wapenzi wa Mkataba

Kwa miaka sita Amihan Sarreal alikuwa mpenzi wa Dencio Villaruz kwa mkataba. Kampuni ya filamu iliona wanaendana, ikawafunga pamoja kama nyati wawili wa kulima mpunga: filamu pamoja, matangazo ya sabuni pamoja, misa ya Krismasi pamoja, na marufuku kuonekana na mtu mwingine. Mashabiki waliunganisha majina yao, wakawaita Denhan. Mbele za watu walishikana mikono. Mlango wa gari ukishafungwa, kila mmoja alishika simu yake.

Sasa Dencio alikuwa amevuruga mambo. Siku ya mwisho ya kupiga filamu yao ya saba, huko Baguio, mwongozaji wao, Direk Rufina, aliposema "kata" na watu wakaanza kukunja nyaya, Dencio alimvuta Amihan dirishani akamwambia maneno ambayo hayakuandikwa kwenye karatasi yoyote.

"Mkataba mpya sisaini," alisema. "Narudi kwetu Iloilo. Na nataka nikuoe, Han. Kweli kabisa. Usinijibu leo, nijibu siku ya uzinduzi."

Amihan alilia, akamgusa shavu, akaondoka. Tangu hapo akili haikumtulia. Huyu amesema kweli, au ametumwa? Kila filamu yao ikikaribia kutoka, kampuni ilihakikisha uvumi unapenya kwamba safari hii Denhan wanapendana kweli. Mwaka juzi ilikuwa pete. Kabla ya hapo zilikuwa picha za ufukweni, ambazo Amihan mwenyewe aliwekea pozi huku akijifanya hajui kuwa anapigwa picha.

Alimuuliza Bebang, mpambaji aliyempaka poda tangu ana miaka kumi na saba. Bebang alicheka mpaka brashi ikamdondoka.

"Mdogo wangu, unaniuliza mimi? Nimesali novena nzima, siku tisa, ili mwoane, na najua fika kwamba nyinyi ni waongo."

"Sasa nitajuaje, dada?"

"Mtazame machoni."

"Nimemtazama miaka sita. Analipwa kwa hayo macho."

Bebang aliokota brashi, akaendelea na kazi.

Siku ya uzinduzi ikafika, na Amihan hana jibu. Mashabiki walikuwa wamejaa tangu asubuhi kwenye duka kubwa la Quezon City lenye ukumbi wa sinema, wamevaa fulana za Denhan, wengine wamebeba watoto waliopewa majina yao. Amihan alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Ndani ya ukumbi Dencio alimshika mkono, kama mkataba unavyotaka, lakini kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Hata hilo jasho Amihan hakujua alisome vipi.

Filamu ilikwenda vizuri hadi mwisho. Amihan aliujua mwisho ule: wapenzi wanaagana kituo cha basi. Badala yake likatokea dirisha la Baguio. Kumbe Direk Rufina alisema "kata" lakini kamera hakuizima. Maneno ya Dencio aliyafuta, akaweka muziki wa kinanda mahali pake. Ukumbi ulipiga kelele za raha. Amihan akawaka moto mwili mzima, akauvuta mkono wake.

"Ulijua?" alinong'ona.

"Sikujua, Han. Naapa kwa mama yangu."

Akaitazama skrini kwa hasira, akitafuta uongo. Alichokiona ni mwigizaji mbovu. Dencio, ambaye hata usingizini alijua taa yake ilipo, alikuwa ameipa mgongo. Nusu ya uso wake ilikuwa gizani, kamasi zinamchuruzika, bega limeziba dirisha. Mtu anayejua kamera inarekodi hasimami hivyo hata siku moja. Basi alikuwa amesema kweli. Furaha ikampanda Amihan hadi kooni.

Hapo ndipo alipojiona mwenyewe. Amihan wa kwenye skrini, akiwa anaambiwa jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kuambiwa, alisogea hatua moja ndogo, akatoka kwenye kivuli cha bega la Dencio. Akainua kidevu. Akasubiri kidogo. Kisha chozi moja likashuka kutoka jicho la kushoto, lililoelekea kamera, polepole mpaka mdomoni. Alikuwa mzuri ajabu. Hakuna aliyemwelekeza afanye vile, na kuhusu kamera hakujua lolote.

Alijaribu kukumbuka alichohisi siku ile dirishani. Alikumbuka kulia tu.

Taa zikawashwa, watu wakasimama kupiga makofi. Dencio alimgeukia, macho mekundu, hajali nani anamwona.

"Leo ndiyo siku, Han. Niambie tu, hata kama ni hapana."

Amihan alitaka kumjibu kwa moyo wake wote. Alifungua mdomo, na kabla neno halijatoka akahisi kidevu chake kinainuka chenyewe kuitafuta taa. Akaogopa sana.