Mvumo Masikioni mwa Kitinda

Pale kituo cha redio walimwita Sikio, na jina hilo alilipata kwa haki. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mhariri wa sauti, kazi yake kukaa na hedifoni kichwani na kusafisha mahojiano ya watu: kukata vikohozi, kupunguza pumzi ndefu, kuunganisha maneno bila mshono kusikika. Angeweza kukuambia kama aliyehojiwa alikalia kiti cha mbao au cha plastiki. Watangazaji walimwogopa kidogo.

Kompyuta yake ilikuwa ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia. Akifungua faili kubwa alikuwa na muda wa kunyanyuka, kunywa maji na kurudi, akaikuta bado inafikiri. Aliandika barua mbili kuomba nyingine, na mara zote mbili mkuu wa vipindi alimjibu kwa upole kwamba ombi lake linashughulikiwa.

Meza ya pili katika chumba hicho ilikuwa ya mdogo wake, ambaye wote walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kwao. Sikio ndiye aliyemwombea nafasi pale, akamfundisha kazi, akamfunikia makosa ya mwaka wa kwanza. Basi Jumatatu moja mkuu wa vipindi alipoingia na boksi kwapani, Sikio alisogeza kikombe chake ili boksi lipate mahali. Likampita, likaenda kutua kwa Kitinda.

Mkuu alieleza kwamba kipindi cha Kitinda kuhusu wanawake waliojijengea nyumba kilikuwa kimependwa mno. Sasa kituo kilitaka vipindi kumi vya namna hiyo, na kazi kama hiyo haifanywi kwa mashine ya kubembelezwa. Sikio alipiga makofi pamoja na wengine, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Wivu ulimwingia kwa vitu vidogo. Kitinda alibandua ile karatasi laini ya juu ya kioo polepole, kama anayemenya yai la moto. Faili ambayo Sikio angeingojea dakika nne ilifunguka papo hapo. "Dada, shika uone ilivyo nyepesi," Kitinda alimwambia, naye akaishika, akasema ni nyepesi kweli, akairudisha. Siku nzima mikono ilimwasha. Hata kitambaa cha kufutia ile laptopu, cheupe, kilichokunjwa vizuri pembeni, kilimkera kama mtu aliyemtukana.

Siku ya tatu, Kitinda alivua hedifoni, akazitazama, akazivaa tena.

"Dada, hebu sikiliza. Kuna kitu kinavuma. Au ni mimi?"

Sikio alizivaa. Mvumo ulikuwepo, wa chini chini, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Aliweka kidole kwenye bati la laptopu, mvumo ukafifia, akakiondoa, ukarudi. Hapo akajua. Chaja ilikuwa ya pini tatu, na soketi iliyo karibu na meza ya Kitinda ilikuwa ya pini mbili, kwa hiyo Kitinda alikuwa ameichomeka kwa kiunganishi kidogo cha plastiki. Pini ya tatu, ile ya kupeleka umeme wa ziada ardhini, ilikuwa imekosa njia, na umeme huo ukawa unatokea masikioni. Kompyuta ya Sikio iliwahi kufanya vivyo hivyo. Dawa yake ilikuwa kuihamishia chaja kwenye soketi ya pini tatu nyuma ya kabati. Hata dakika moja isingepita.

Alitazama kile kitambaa cheupe.

"Mimi sisikii kitu," akasema.

Alidhani ni jambo la siku moja. Kesho yake angemwambia kwa mzaha, wangecheka, yangeisha. Lakini kesho yake mkuu wa vipindi alikuja na wageni, akasimama nyuma ya kiti cha Kitinda, akawaonyesha mashine na mwenye mashine kana kwamba Sikio ni sehemu ya ukuta. Siku hiyo hakumwambia, na iliyofuata pia.

Kitinda akaipeleka mashine kwa fundi wa mitambo. Fundi aliichukua laptopu peke yake, bila chaja, akaisikiliza chumbani kwake ikitumia betri, akairudisha akisema ni mashine nzima kabisa, labda mwenye mashine apumzike. Kwa Kitinda hilo lilitosha. Fundi hakusikia kitu, na Sikio, ambaye husikia hata mbu akitua, hakusikia kitu. Aliyekuwa anasikia ni yeye tu.

Jambo hilo halikuwa dogo katika familia yao. Mama yao alikuwa mshonaji, na alikuwa amepoteza kusikia kabla hajafika miaka hamsini. Uziwi ulimwanza kwa mvumo. Alidhani ni cherehani, akaizima, mvumo ukabaki. Mabinti wote wawili waliijua habari hiyo neno kwa neno.

Kitinda aliacha kuuliza. Alianza kuusikia ule mvumo akiosha vyombo, akiwa foleni ya dukani, akiegemea mto. Alikwenda kwa daktari wa masikio, na Sikio alimsindikiza, akamshikia mkoba wakati wa vipimo. Daktari alisema masikio yako sawa, ila kwa sababu ya historia ya mama, arudi baada ya miezi sita. Kitinda aliondoka na ile miezi sita tu kichwani. Njiani aliushika mkono wa dada yake, naye Sikio akauacha ushikwe.

Kazi ikaanza kuharibika. Katika kipindi cha pili Kitinda alijaribu kuufuta mvumo ambao haukuwamo kwenye rekodi, akafuta na sauti yenyewe, mwanamke wa watu akasikika kama anazungumzia ndooni. Mkuu wa vipindi alimwita, lakini kabla hajamaliza kusema, Kitinda mwenyewe aliomba apelekwe mapokezi. Alisema hataki kuharibu sauti za watu walioamua kumwamini. Jioni hiyo laptopu ilihamia mezani kwa Sikio, pamoja na vipindi vinane vilivyobaki.

Sikio aliichomeka kwenye soketi ya nyuma ya kabati. Kukawa kimya, kimya safi, na furaha ikampanda kama maji yanayochemka. Alikuwa ameshapata. Aliketi, akafungua mahojiano ambayo Kitinda alikuwa amekwisha kuyarekodi, akaanza kazi.

Ila sasa ilimbidi asikilize. Saa baada ya saa alimsikia mdogo wake akiuliza maswali. Kitinda alikuwa akiuliza, kisha akinyamaza, na ule unyamavu wake watu waliujaza wenyewe. Mwanamke mmoja alieleza jinsi alivyokuwa akibeba matofali mawili mawili baada ya kazi. Mwingine alianza kulia, Kitinda hakumharakisha, na baadaye mwanamke yule akacheka kicheko ambacho Sikio hakuwahi kukisikia katika mahojiano aliyoyafanya yeye. Akaona mashine haikuwa imepotea njia. Ilikuwa imemfikia anayestahili, na kujua hivyo kulimwuma kuliko lile boksi lilivyompita. Alikuwa na laptopu mapajani na bado alikuwa anamwonea mdogo wake wivu.

Jumamosi mchana alikwenda kumtazama mama yao, aliyekuwa akiishi na Kitinda. Aliwakuta wamekaa uso kwa uso kwenye mwanga wa dirisha, magoti yanagusana. Mama alikuwa akichezesha midomo bila sauti, na Kitinda ameikazia macho.

"Sahau," Kitinda akasema.

Mama akatikisa kichwa, akarudia.

"Sahani."

Mama akampigapiga goti, kumpongeza.

Sikio aliuliza wanacheza mchezo gani.

"Mama ananifundisha kusoma midomo," Kitinda alisema bila kugeuka. "Afadhali nianze sasa, wakati bado nasikia, nijue nikikosea."

Sikio alikuwa amebeba mfuko wa matunda. Aliuweka chini.

"Masikio yako ni mazima," alisema akitazama sakafu. "Ule mvumo niliusikia. Siku ile ile. Ulikuwa unatoka kwenye chaja."

Kisha mama yao, aliyemwona mmoja anainama na mwingine anabadilika rangi, akagonga meza kwa kidole.

"Inua uso," alimwambia Sikio. "Sema nione."

Sikio aliinua uso. Kwa mama yao hakukuwa na kumung'unya maneno wala kuyameza nusu. Kila neno ilibidi lifunguke lote, lionekane.

"Niliusikia mvumo. Nikamwambia sisikii. Nilimwonea wivu, mama."

Mama aliitazama ile midomo hata ilipokuwa imekwisha kufungwa.

"Wiki ngapi?" Kitinda aliuliza.

"Tano."

"Kwa daktari ulinishikia mkoba."

"Nilikushikia."

Mama yao hakugomba. Alisema taratibu, kwa ile sauti yake ya juu kidogo ya mtu asiyesikia anachosema, "Mimi nilikaa na mvumo wangu miaka miwili, na hakuna aliyejua ni nini. Wewe ulijua." Kisha akanyanyuka, akaenda kuanua nguo, ingawa zilikuwa bado mbichi. Kitinda aliomba aachwe peke yake. Sikio akatoka.

Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa vipindi kabla hajaweka mkoba wake mezani, akaeleza yote. Alipewa barua ya onyo na kuondolewa kwenye vile vipindi. Kitinda alirudishiwa kazi na mashine, akakubali kwa sharti moja, kwamba apewe chumba kingine. Kwa miezi miwili dada hao walisalimiana kwenye korido kama watu wa ofisi mbili tofauti. Nyumbani kwa mama walipishana siku. Ule mvumo wa kwenye mto wa kulalia na foleni za dukani ulimwisha Kitinda polepole, na Sikio alipata habari hiyo kutoka kwa mama, si kwake.

Kipindi cha kumi kilipokwisha kurushwa, mkuu aliwakusanya wote, akamsifu Kitinda mbele ya watu. Sikio alisubiri mpaka chumbani wakabaki wao wawili.

"Leo nimekuonea wivu," alimwambia.

Kitinda alikuwa akikunja waya. "Kwa mashine?"

"Hapana. Kwa yule mama wa kipindi cha mwisho, alivyokueleza habari za mumewe. Mimi asingenieleza."

Kitinda alifikiri, akaona hakuna haja ya kulipamba.

"Asingekueleza," akasema.

Alimaliza kukunja waya, akautia kwenye droo. Sikio alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia mdogo wake akisema kwamba kesho saa tatu ana mtu wa kumhoji, bibi mmoja fundi wa paa, na kwamba kutakuwa na kiti cha ziada.

"Utakaa tu usikilize ninavyouliza," Kitinda alisema. "Usiseme chochote."