Kibao cha Fumie

Kibao kile alikipigilia mke wangu Fumie mwenyewe kwenye nguzo ya geti letu. Cha manjano, kina picha ya mtoto anayekimbia na maneno: "Ukiogopa, kimbilia hapa." Shule ya kijiji chetu, huku milimani Japani, ilivigawa kwa nyumba tisa, kutoka mtoni mpaka juu mlimani, na watoto wakafundishwa kwamba penye kibao mlango haufungwi. Fumie hakuufunga. Na miaka kumi na mmoja alisimama asubuhi pale njia panda na bendera yake ya manjano, akivusha watoto wa watu. Sisi wetu hatukujaliwa.

Aliangukia pale pale mwezi wa Februari, juu ya theluji, bendera mkononi. Mshipa wa kichwa ulipasuka. Shule ikaleta maua. Wiki haijaisha ikaleta karatasi ya zamu, mahali pa jina lake pameachwa wazi, wanauliza kama nitashika nafasi yake. Mimi niliacha shule nina miaka kumi na mitano nikaenda kukata magogo. Barua za adabu sizijui. Ile karatasi niliitia motoni.

Kwa hiyo Oktoba, walipokuja Onodera, naibu mkuu wa shule, na Sugawara, mwenyekiti wa mtaa, kunisemesha habari za mkaki wetu, nilikuwa nawangoja kwa hamu. Mti uko hatua tatu kutoka getini, na mwaka ule uliinama kwa makaki, matunda ya ukubwa wa nyanya, mekundu kama makaa.

"Mzee Kamada," Onodera aliinama mpaka nikauona upara wake, "mwaka huu msituni hakuna kokwa. Dubu wanashuka, wanafuata makaki. Jumamosi wazazi na walimu watakuja na ngazi, tuyachume yote. Hutanyanyua hata kidole."

"Fumie alipolala kwenye theluji, ngazi zenu zilikuwa wapi?"

"Masa, acha hizo," Sugawara akasema. Tumekua pamoja, ananiita anavyotaka. "Watoto wanapita hapa."

"Wapitishe kwingine. Si wewe mwenyekiti? Wenyeviti wanajua kila kitu."

"Huo mdomo ungekuwa jembe, bonde zima lingekuwa limelimwa."

Wakaenda zao. Sikuyagusa makaki. Kila mwaka Fumie aliyachuma, akayamenya, akayaning'iniza kwa kamba chini ya paa yakauke, na kileleni akaacha moja tu, la ndege, kuushukuru mti ili uzae tena. Mimi niliacha yote. Nilijiambia ni heshima kwake.

Alhamisi moja ya Novemba, saa nane mchana, nilikuwa jikoni nachemsha maji, spika ya mtaa ikakohoa juu ya nguzo. "Dubu ameonekana ng'ambo ya mto. Wanafunzi wameruhusiwa mapema. Wakazi mbaki ndani."

Nikacheka peke yangu. Dubu yuko nje, na wakubwa wanawatoa watoto nje! Hiyo ndiyo akili ya watu waliosoma.

Kicheko hakijaisha, nikasikia tawi likivunjika. Kacha!

Nilichungulia dirishani. Juu ya mkaki palikuwa na kitu cheusi, kama gunia la mkaa lililotundikwa, ila gunia lilikuwa linatafuna. Likageuka. Nikaona kifuani ule mwezi mweupe walio nao dubu wa huku.

Nilipiga simu shuleni. Inatumika. Nikapiga tena. Inatumika. Wazazi wote walikuwa wameing'ang'ania.

Ndipo nikasikia kengele.

Watoto wetu hufungiwa kengele kwenye mabegi ili dubu awasikie mapema. Wanatembea kwa kundi mpaka kwenye ghala la mpunga, kisha kila mmoja anashika njia ya kwake, na anayebaki kupanda peke yake mpaka nyumba ya mwisho ni Mitsuki, miaka saba, binti wa Yukari anayefanya kazi kwenye kiwanda cha tofu ya soya. Kengele ilikuwa inakuja polepole. Tawi la pili likavunjika. Kengele ikaanza kukimbia.

Mtoto ameogopa, na mtoto akiogopa anakimbilia kibao. Amefundishwa hivyo. Kibao chetu kilikuwa kinamwita chini ya dubu.

Nilitoka mlango wa nyuma. Bendera ya Fumie ilikuwa bado imeegemea ukuta. Niliichukua bila kujua ya nini. Nikazunguka ua, nikapita pikapu yangu ndogo iliyoegeshwa mteremkoni, chini kidogo ya geti, nikafika barabarani, na Mitsuki akatokeza kwenye kona, macho kwenye kibao tu. Kupiga kelele sikuthubutu.

Nikainyoosha bendera, nikaizuia barabara kama alivyofanya Fumie.

Akasimama papo hapo. Viatu vililia kwenye lami. Watoto wa hapa wanaweza kumbishia mama, bendera ile hawaibishii.

"Babu, kibao..."

"Sss. Shika kengele. Usitazame juu. Tembea kama unavuka barabara."

Aliificha kengele ndani ya ngumi. Tuliingia kwenye pikapu, nikavuta mlango. Nyuma yetu kitu kizito kikaanguka chini. Ufunguo ulikuwa jikoni.

Dubu alikuja mpaka getini. Akasimama kwa miguu miwili, akaegemea nguzo, akakwaruza. Kisha akaja kwetu. Pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, upande wa mtoto.

"Bibi Fumie alisema mlango haufungwi," Mitsuki akanong'ona.

"Huu unafungwa."

Nilimfunika kwa mwili wangu. Sijui ni muda gani. Mwishowe zikasikika honi, nyingi, zinapanda mlima. Magari ya wazazi waliokuja kuwafuata watoto, Sugawara mbele na gari la zimamoto la kijiji. Dubu akaondoka bila haraka, kama aliyemaliza chakula chake.

"Masa! U hai?"

"Kwa bahati yako mbaya."

Onodera alishuka garini. Nikamuuliza, "Nani aliyewatoa watoto?"

"Mimi, mzee."

Nilikuwa na maneno ya miezi tisa tayari kumtupia. Yukari alikuwa amepiga magoti barabarani, amemkumbatia mwanawe, kengele bado imefungwa ngumini.

"Na mti uliomleta ni wangu," nikasema. "Leteni ngazi."

Walikuja Jumamosi, watu thelathini. Yukari alipanda kileleni. "Mzee, hili moja niliache la ndege?"

"Chuma."

Fumie angenigombeza. Mti ulibaki mtupu.

Kibao kina alama nne za makucha, sikukibadilisha. Bado nasema wakubwa walikosea, na nitawaambia mpaka nife. Lakini Alhamisi zamu ni yangu, asubuhi na mchana. Mitsuki akishanipita nabaki barabarani, bendera juu, nasikiliza kengele inavyopanda. Upepo ukivunja kijiti, natazama juu ya miti. Siishushi bendera mpaka nisikie mlango wa kwao ukifungwa.