Choo cha Bwana Mdogo

Bwana Mdogo alizaliwa utumbo wake umekatika katikati, kipande huku, kipande kule, kama barabara iliyochukuliwa na mvua. Daktari wa upasuaji aliuunga siku ya pili. Alipotoka, alimwambia bibi wa mtoto, "Mama, hapewi maziwa mpaka apate choo."

"Kwa hiyo tunasubiri mavi."

"Tunasubiri mavi," daktari akakubali.

Wakasubiri. Mtoto alilala na mpira puani na dripu mkononi, akinyonya hewa. Binti wa bibi, mama yake mtoto, alikamua maziwa na kuyapeleka kwenye friji ya wodi. Baba mtu alipiga simu kila mara kuuliza, "Vipi, bado?" kama aliyeagiza chakula hotelini.

Asubuhi moja binti alipitiwa na usingizi kitini. Bibi akasikia harufu. Akafungua nepi ya kitambaa: kweli! Machozi yakamlengalenga, na mikono ikafanya ilichozoea. Alimpangusa mtoto, akaifua nepi kwa sabuni, akaisuuza, akaianika dirishani. Ndipo akamwita nesi.

"Hongera, Bibi! Kiko wapi?"

Bibi akaonyesha dirishani. Nepi ilikuwa nyeupe pe.

Daktari alipokuja, nesi alisema tu, "Nepi imefuliwa," bila kutaja mtu. Bibi aliliona hilo, akalitia moyoni.

"Kilikuwa na rangi gani?" daktari akauliza. "Kikiwa cheupe, ni masalia ya kipande cha chini. Kikiwa kijani, kimetoka juu, kimepita niliposhona. Hapo anakula."

Binti alimtazama mama yake kwa macho ya kumsihi. Neno moja tu lilitakiwa.

"Sikuangalia, baba," bibi akasema. "Nilikuwa na haraka ya kufua."

"Basi tunasubiri tena."

"Mama," binti akasema daktari alipoondoka, "hata nyumbani hufui kwa kasi hiyo."

"Nyumbani sina furaha hiyo."

Binti hakucheka. Hakusema naye tena mpaka alasiri, pale mtoto alipojikunja, akawa mwekundu, akaguna kama mzee anayenyanyua gunia.

"Mama, usiguse!"

Bibi akainua mikono yote miwili juu, kama aliyevamiwa na majambazi, akabaki hivyo hadi daktari alipofika. Daktari akainama. Nesi akainama. Hata mfagiaji wa wodi akaegemeza fagio, akainama.

"Kijani," daktari akasema.

Nesi alileta maziwa, kijiko kimoja cha chai.

"Hayo tu?" binti akauliza.

"Hayo tu. Yakitulia, tutaongeza."

Bwana Mdogo alionja, akakunja uso kama aliyeletewa chai ya mtu mwingine, kisha akameza.

Binti akasogea, akaacha nafasi kitandani. "Njoo, Mama. Mshike kichwa, nimmalizie kijiko."