Zamu ya Kugeuza

Mota ya gurudumu la maabara iliungua Jumatatu. Kazi yake ilikuwa kuizungusha miche ya mahindi bila kupumzika, na kazi hiyo sasa ikaniangukia mimi, mhudumu. Bosi wetu, daktari wa mimea ambaye hajawahi kutibu hata mafua, alinieleza kwamba kwenye ncha ya mzizi kuna chembe ndogo za wanga. Zikituama upande mmoja, mzizi unajua huko ndiko chini, unapinda kufuata. Tukiigeuza miche kila dakika kumi, chembe hazipati pa kutulia. Usiku angegeuza yeye, mchana mimi. Nikamjibu kwamba kugeuza nakujua sana.

Nyumbani mama amepooza, na lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili. Usiku ni zamu yangu, mchana ni ya mdogo wangu wa kike. Wiki iliyopita nilikuta nyonga ya mama imekuwa nyekundu, nikamjia juu mdogo wangu, nikamwita mvivu. Aliapa kwamba amegeuza. Muuguzi alituonya kuwa ngozi ikipasuka pale, kwa hali aliyonayo mama, huenda asipone. Tangu hapo mimi na mdogo wangu hatuvuki salamu.

Alhamisi, saa nane mchana, nilikaa nisubiri dakika kumi zangu. Nilipozinduka ilikuwa saa kumi kasoro. Nikageuza haraka haraka, nikajaza daftari kana kwamba sikukosa hata mara moja.

Daktari alikuja, macho mekundu kama yangu, akainua kioo chenye miche kwenye mwanga. Mizizi yote ilikuwa imepinda upande mmoja.

"Ulilala," akasema, bila hasira.

"Niligeuza, Daktari. Haki ya Mungu."

Akakirudisha kioo mezani. Kazi ya wiki mbili ilikuwa imekwenda na maji, na nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu amekaa sakafuni, kichwa kwenye godoro, anakoroma. Nikafunua shuka. Ngozi ilikuwa imepasuka, kidonda ukubwa wa kifungo cha shati.

Akashtuka. "Dada, nimegeuza."

Maneno ya kumchoma nilikuwa nayo, nimeyaandaa wiki nzima.

"Hujageuza," nikamwambia. "Na mimi leo nimelala kazini, nikaapa kama wewe. Shika mabega."

Tulimgeuza pamoja. Mama akagumia kwa maumivu, nasi tukajikuta tunamwomba msamaha kwa sauti moja.